Kutu kwenye Kazi za Chuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Karakanani Kigoma

Maswali haya yametoka kwa wateja wa mageti na madirisha, vijana wanaojifunza kazi, wenye boti wa Kibirizi na mafundi wenzetu wa Mwanga na Ujiji. Mengine tumeyaacha kama yalivyoulizwa. Pale jibu linapogusa swali jingine, tumeweka namba ili tusirudie.

## Mambo ya mwanzo

1. Kutu inaanzaje hasa?

Chuma kinahitaji maji na oksijeni kwa pamoja ndipo kishike kutu. Si lazima maji hayo yawe mvua. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujitandaza juu ya chuma, na hapo kazi imeanza. Vumbi, jasho na chumvi huuita utando huo mapema na kuukawiza kukauka.

Ubaya wa kutu ni kwamba haishikani. Alumini nayo hupata utando wake, lakini ule hubana na kuziba. Kutu huvimba, ikachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma iliyokila, kisha ikapasuka na kufungua njia kwa maji mengine. Ndiyo maana rangi huinuka kama ngozi iliyoungua: inasukumwa kutoka chini.

2. Si ziwa hili ndilo linalokula vyuma vyetu?

Ziwa linasingiziwa. Maji ya Tanganyika yana chumvichumvi chini ya gramu 1 kwa lita, wakati bahari ina karibu 35. Tena ni maji ya alkali, pH yake (kipimo cha tindikali na alkali) ikikaribia 9, na chuma huogopa tindikali zaidi kuliko alkali. Fundi wa Dar es Salaam anayefanya kazi karibu na pwani akilalamikia upepo wa bahari, tumsikilize. Sisi wa Kigoma hatuna kisingizio hicho.

Tulicho nacho ni msimu mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka kuelekea Mei, na umande wa asubuhi. Tumeona mageti ya Mwandiga, mbali na maji, yameoza sawa na ya Bangwe. Yalichofanana ni namna yalivyoandaliwa kabla ya rangi.

3. "Fundi, geti lina miezi sita tu, mbona linatoa kutu?"

Kabla hatujajibu tunauliza: limetoa kutu wapi? Mahali penyewe husema kosa lilikuwa lipi.

Ikiwa kutu imefuata mistari ya kuchomelea, soma swali la 5. Rangi ikitoka kwa vipande vikubwa na upande wake wa chini ukawa na ganda jeusi, ni swali la 4. Kama ni kwenye kona na kingo tu, huku sehemu bapa zikiwa nzima, ni swali la 10. Malengelenge madogo yenye maji ndani yanatokana na umande, jasho au masalia ya asidi (maswali ya 8 na 9). Na kama kahawia inachuruzika kutoka kwenye tundu au kiungo cha bomba, kutu iko ndani. Soma swali la 16.

Hili la malengelenge tunalijua kwa aibu yetu wenyewe. Mteja mmoja alikuwa na harusi ya binti yake Jumamosi, akataka geti Ijumaa. Tulipaka koti la mwisho saa moja usiku, Februari, chuma kikiwa baridi mkononi. Liling'aa vizuri harusini. Mwezi Mei tulilirudia lote kwa gharama zetu.

## Kabla ya rangi

4. Chuma kipya cha dukani kina ngozi nyeusi ya kibluu. Si ndiyo kinga yake?

Hapana, ingawa inashawishi. Hilo ni gamba la kiwandani, linalotokea chuma kinapoviringishwa kikiwa cha moto. Ni gumu na laini, ila halikushikana na chuma kwa uaminifu. Likipata ufa, chuma kilicho ndani ya ufa ndicho kinacholiwa, tena upesi, kwa sababu gamba linalobaki pembeni hugeuka kama upande wa pili wa betri. Rangi iliyopakwa juu yake itaondoka nalo siku litakapobanduka.

Flati ba na angle laini nene huwa nalo zaidi. Skwea paipu nyingi nyembamba hazina, badala yake zimepakwa mafuta, na mafuta yana tabu yake: ukipitisha msasa kabla ya kuyafuta kwa thina, unayasambaza tu. Futa kwanza, kwa kitambaa safi unachokibadilisha, ndipo ukwangue.

5. Kwa nini rangi hubanduka kwanza pale palipochomelewa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu kadhaa.

Kwanza ni slagi, lile gamba linalofunika mshono. Kijana huigonga kwa nyundo, kubwa likaruka, akaona amemaliza. Lakini kwenye kingo za mshono hubaki vipande vidogo vilivyong'ang'ania. Masalia ya slagi ni ya alkali na hunywa unyevu; rangi za mafuta hazielewani nayo. Baada ya nyundo, pitisha brashi ya waya mpaka mshono uonekane chuma kitupu, hasa kwenye kona ya ndani ambako brashi haipendi kwenda.

Pili ni cheche zilizoganda, zile punje zinazorukia pembeni. Kila punje ina kivuli chake chini ambacho rangi haifiki. Zitoe kwa patasi au grenda. Ukizipaka rangi, kila moja itakuwa kitone cha kahawia kabla ya mwaka.

Tatu ni mshono wenyewe. Wengi wetu tunachomelea kwa kudonoadonoa: sentimita mbili, unaruka kumi, mbili tena. Kwa nguvu ya geti inatosha. Kwa kutu haitoshi, kwa sababu zile sentimita kumi ni ufa mwembamba unaovuta maji na kuyatunza humo yasikauke. Maji yaliyobanwa kwenye ufa huishiwa oksijeni ndani huku nje ikiwepo, na tofauti hiyo inatosha kukila chuma kilicho ndani. Kama mteja hawezi kulipia mshono mzima, ziba nafasi hizo kwa puti ya nje baada ya praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na chuma. Pia vishimo ndani ya mshono, vinavyotokana na stiki za kuchomelea zenye unyevu au chuma chenye mafuta, havizibwi na rangi. Visage, uchomelee tena.

Na stiki zenyewe: pakiti ikishafunguliwa, isiachwe sakafuni. Zile za E7018 ndizo dhaifu zaidi kwa unyevu. Hidrojeni inayotokana nao hupasua mshono saa nyingi baada ya kupoa. E6013 zina uvumilivu, lakini hata zenyewe ganda lake likilowa utaona mshono unatema na kutoboka.

6. Nisafishe mpaka wapi? Chuma chote kiwe kama kioo?

Kioo hakihitajiki, wala rangi haishiki vizuri kwenye kioo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1 kina ngazi mbili za usafishaji wa mkono na mashine ndogo: St 2, ambapo kila kinacholegea kimeondoka, na St 3, ambapo chuma kinaanza kung'aa kimetali. Kwa geti la nyumbani St 2 iliyofanywa kwa uaminifu inatosha. Kwa tangi la maji au kitu kitakachokaa chini, lenga St 3.

Jihadhari na brashi ya waya ya grenda ikishachakaa. Husugua kutu mpaka ing'ae kahawia, macho yakaridhika, kumbe imeilainisha tu. Kwangua kwa ncha ya kisu: ukipata unga, hujamaliza.

7. Tumeosha chuma kwa maji na sabuni, baada ya muda mfupi kikawa rangi ya chungwa. Tumekosea wapi?

Kwenye kukausha. Chuma kilichosafishwa kiko uchi, na maji yakikaa juu yake hupata kutu ya ghafla ndani ya saa chache, mara nyingine ndani ya dakika. Futa mara moja kwa kitambaa kikavu, kipulize kwa kompresa, kiweke juani, na upake praima siku ileile. Hiyo ndiyo kanuni ya karakana yetu: kilichosafishwa leo hakilali bila praima. Kijana akisafisha saa kumi jioni, amejitafutia kazi ya kurudia kesho.

8. Saa ngapi ni nzuri kupaka rangi?

Chuma kiwe na joto lililozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda kuwa maji, kwa angalau nyuzi 3 za sentigredi. Asiye na kipimo atumie kitambaa: lowesha sehemu ndogo kwa kitambaa chenye maji kidogo, uangalie saa. Alama ikikauka ndani ya dakika 15, paka. Ikikawia, subiri.

Kwa hapa kwetu ina maana ya saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Asubuhi mapema chuma kina umande hata kiangazi, kwa sababu usiku hupoa kuliko hewa. Jioni koti halijakauka, unyevu unashuka juu yake, na rangi ya kung'aa hufubaa au kufanya malengelenge. Jua kali la saa saba nalo lina ubaya wake kwenye chuma cheusi: thina huruka kabla rangi haijatulia, ukabaki na vishimo kama vya sindano. Sogeza kazi kivulini.

Jasho ni sura nyingine ya tatizo hilihili. Lina chumvi. Mkono mtupu ukishika chuma kilichosafishwa, alama tano za vidole zitajitokeza chini ya rangi, kwa sababu chumvi huvuta maji kupitia koti lenyewe. Vaa glavu safi, au futa kwa thina kabla ya kupaka.

9. Naweza kutoa kutu kwa maji ya betri, ndimu au dawa ya kusafishia choo?

Maji ya betri na dawa ya choo, hapana. Asidi ya salfuriki na ya hidrokloriki hutoa kutu kweli, lakini masalia yake hujificha kwenye vishimo na maungio, na kutoka humo huendelea kukila chuma baada ya rangi. Mvuke wa hidrokloriki ni mbaya zaidi: kuna karakana tuliona spana zote za ukutani zimebadilika rangi kwa sababu ya ndoo moja iliyoachwa wazi kwa wikiendi. Na macho na mapafu yako je?

Ndimu au siki inafaa kwa vitu vidogo, kama bawaba au komeo, ukivilowesha usiku kucha, ukavisuuza kwa maji yenye magadi kidogo na kuvikausha mara moja. Dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosfori zinafanya kazi: hubadili kutu nyembamba kuwa fosfeti nyeusi iliyotulia. Lakini hazipenyi kutu nene yenye magamba. Kwangua kwanza mpaka ibaki ile iliyoshikamana, ndipo upake, na ufuate maelezo ya chupa kuhusu kusuuza.

## Rangi na mafuta

10. Makoti mangapi yanatosha, na redoksaidi peke yake inafaa?

Redoksaidi ni praima. Kazi yake ni kushikana na chuma na kupokea rangi, basi. Ukiiacha mvuani miezi miwili kwa sababu mteja hajamaliza kulipa, inanywa maji; kabla ya rangi isugue na uipake upya.

Tunapaka praima makoti mawili na rangi ya juu mawili. Lakini idadi haisemi kitu kama hukushughulikia kingo. Rangi mbichi hujivuta na kukimbia ncha kali, ikabaki nyembamba hapohapo ambapo mvua na funguo hugonga. Zungusha kingo kidogo kwa diski, kisha pitisha brashi kwenye kingo zote, mishono na vichwa vya boliti kabla ya koti la jumla. Hata anayetumia bomba la kupuliza afanye hivyo kwa brashi. Na usiongeze thina ili galoni ifike nyumba ya pili.

11. Wazee wanapaka mawese kwenye majembe na panga. Mbona ninyi hampendi?

Wazee hawakukosea kabisa. Huko Wales karne ya 19, viwanda vya bati la kopo vilitumia mawese kukinga karatasi za chuma zisioze kabla na wakati wa kuzamishwa kwenye metali ya bati (tin) iliyoyeyushwa. Ni mafuta, yanazuia hewa.

Shida ni kwamba mawese yakikaa huchacha. Asidi zake huru huongezeka, na mara nyingi yale ya kukamuliwa nyumbani yana maji ndani. Kwa jembe linaloingia shambani kesho, sawa. Kwa kifaa kitakacholala miezi, au chenye shaba, tumia grisi au mafuta safi ya injini. Na kitu chochote kitakachopakwa rangi kisiguswe na mawese. Kuyatoa yote ni kazi.

## Mabati, zinki na stenlesi

12. Mabati mapya yana ukungu mweupe. Ni feki?

Si lazima. Hiyo ni kutu nyeupe, ya zinki, inayotokea mabati yakipangwa yamebanana huku yamelowa. Zinki inahitaji hewa ili kujitengenezea utando wake mzuri. Ikikosa hewa na maji yapo, inajila. Mzigo uliosafiri juu ya lori msimu wa mvua bila turubai nzuri hufika hivyo. Ukungu mwepesi ukipigwa brashi ya nyuzi laini hutoka na bati linafaa. Kama chini yake kuna weusi au kahawia, rudisha. Nyumbani yaegemeze kwa mshazari, weka vijiti katikati, yasiguse ardhi wala saruji mbichi.

13. Naweza kuchomelea bomba la zinki?

Unaweza, lakini saga zinki kwanza, sentimita mbili au tatu kila upande. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea umeupita mbali huo. Ule moshi mweupe huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, usiku, mtu akidhani ni malaria. Maziwa si kinga. Kinga ni kufanyia kazi nje, upepo ukuondolee moshi, pamoja na barakoa inayofaa.

Ukimaliza, mahali hapo hapana tena ulinzi. Rudishia rangi yenye unga mwingi wa zinki, si ya fedha ya kawaida inayofanana nayo kwa sura tu.

14. "Mliniambia stenlesi haishiki kutu!"

Stenlesi inajilinda kwa kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayotengeneza utando usioonekana. Ukisaga stenlesi kwa diski iliyokwisha kusaga chuma cha kawaida, unapandikiza chembe za chuma juu yake, na hizo ndizo zinazotoa vitone vya kahawia. Karakana yenye kazi zote mbili iwe na diski na brashi za stenlesi peke yake, zimewekewa alama, na asiziguse mtu mwingine. Ile rangi ya upinde wa mvua pembeni ya mshono nayo iondolewe, kwa kuwa kromiamu ya hapo imepungua. Madoa yaliyokwisha tokea husafishika kama hayajachimba.

## Kwa wanaokereza na wanaohifadhi

15. Shafti tuliyokereza ina alama za vidole za kutu, na vipuri vya akiba vinaoza kabatini. Tufanye nini?

Angalia maji ya kupoozea, yale meupe kama maziwa. Mafuta yake yakiwa machache kuliko mtengenezaji alivyosema, yanapoza lakini hayakingi. Maji huruka kwa joto na wengi huongeza maji matupu, siku zinavyokwenda hujui una mchanganyiko gani. Yakinuka vibaya asubuhi, vijidudu vimeyashusha pH. Safisha tangi lote, usiongezee juu. Usiache kipande kwenye mashine kimefunikwa na vinyweleo vya chuma vilivyokerezwa vyenye unyevu usiku kucha.

Kwa akiba, futa, kausha, paka mafuta au grisi, kisha funga. Maboksi ya karatasi yaliyolowa na mbao mbichi vina tindikali, visiguse chuma kitupu.

Ushahidi wa grisi tunao hapahapa bandarini. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaja kwa vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha makusudi isiangukie mikononi mwa adui, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nene. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Miaka ile yote chini ya maji, na wewe bearing yako imeoza kabatini Katubuka.

## Mambo yasiyo ya kila siku

16. Bomba la dirisha limeoza kutoka ndani. Rangi ya nje ilikuwa nzima.

Lina maji ndani. Ama ncha zake hazikuzibwa, ama zilizibwa karibu zote na maji yakapata njia ya kuingia bila ya kutokea. Chagua moja: ziba kabisa kwa mshono mzima, au toboa tundu la kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Nusu ya hili na nusu ya lile ndiyo mbaya kuliko zote. Mguu wa nguzo usiishie usawa wa udongo. Zege lipande juu kidogo na liwe na mteremko.

17. Tunabeba chumvi ya Uvinza na vyuma kwenye gari moja. Kuna shida?

Ipo. Chumvi hunyonya maji hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na msimu wa mvua hufika. Gunia moja likivuja juu ya nondo au mabati, ile chenga haionekani lakini hupaka chumvi sakafu nzima ya bodi. Osha gari kwa maji mengi kati ya mizigo, na vyuma vilivyoguswa vioshwe pia kisha vifuate swali la 7. Wanaotengeneza mabodi ya magari hayo waepuke mishono ya kudonoadonoa kabisa.

18. Nondo zangu zina kutu. Nizitupe?

Kutu nyembamba isiyochubuka haina neno. Zege ina alkali kali, pH ya 12 hadi 13, na huituliza. Magamba yanayodondoka yapige brashi. Kama mistari ya nondo imelika mpaka kupungua unene, hiyo si nondo uliyolipia.

19. Skrubu za stenlesi zinafaa kwenye bati la zinki?

Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja humlisha mwenzake. Hapa zinki ndiyo inayoliwa. Skrubu ndogo kwenye bati kubwa huenda polepole, kwa kuwa uharibifu unasambaa. Kinyume chake, riveti ndogo ya alumini kwenye karatasi kubwa ya stenlesi, huisha upesi sana. Weka wosha ya mpira iwatenganishe, au tumia skrubu zenye zinki nene.

20. Boti yangu ni ya chuma. Niliambiwa nifunge vipande vya zinki kama meli za baharini.

Wazo ni lilelile la swali la 19, safari hii kwa faida yako: kipande kiliwe badala ya boti. Lakini ziwani zinki hufunikwa na utando na kuacha kufanya kazi. Kwa maji yasiyo na chumvi nyingi hutumika vipande vya metali ya magnesi. Kigusane na chuma kitupu cha boti, na kisipakwe rangi. Kijana wetu mmoja alivipaka vyote bluu, vipendeze pamoja na boti, na vilikaa vipya kabisa mwaka mzima.